Mzazi na Mlezi: Mashabiki wa Star Trek na Sinema Zilizofufua Tamthilia Yao

Katika sinema ya Star Trek iliyotoka Mei 2009 yumo kijana mmoja, James Kirk, ambaye tangu alipokutana na binti aitwaye Uhura katika baa ya Iowa alimwuliza jina lake la kwanza, akanyimwa. Akaendelea kulitafuta chuoni, bwenini na hata katika chombo cha anga, kwa bidii ambayo lau angeitumia katika masomo angalifuzu mapema. Na siku alipolipata hakuambiwa yeye, bali alilisikia likitoka kinywani mwa afisa Spock wakati wa kuagana, na alipotaka kuthibitisha alijibiwa kwamba juu ya jambo hilo hakuna la kusemwa. Jina lenyewe ni Nyota. Watazamaji wa Los Angeles na London walilipokea kama siri iliyofichuka. Mtazamaji wa Mombasa au wa Tanga alilipokea kama neno ambalo mtoto hulijua kabla ya kujua kuhesabu, na huenda alicheka kidogo kwa kuona siri iliyofichwa miaka arobaini na ushei ikining'inia juu ya paa la kila nyumba kila usiku.

Walakini jina hilo halikuzaliwa mwaka ule wa 2009, wala halikuzaliwa studioni. Tamthilia ya asili, iliyoonyeshwa na shirika la televisheni la NBC huko Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, ilikwisha bila ya Uhura kupewa jina la pili wala la kwanza. Aliyeliandika ni William Rotsler, mchoraji aliyepata sifa yake miongoni mwa mashabiki wa hadithi za sayansi kwa vibonzo alivyowachorea katika vijarida vyao, naye alilitia katika kitabu cha wasifu wa mabaharia wa Enterprise, chombo cha anga cha tamthilia hiyo, kilichotoka 1982. Mashabiki wakalikubali, wakalitumia katika hadithi zao na mazungumzo yao kwa miaka 27, ilhali sinema na televisheni hazikulitamka hata mara moja. Na waandishi wa 2009, Roberto Orci na Alex Kurtzman, walipomtamkisha Spock, walikuwa wanachukua kitu kilichotunzwa kwa jirani wakakirejesha nyumbani kana kwamba siku zote kilikuwa kabatini. Humo, katika neno moja la silabi mbili, umo ugomvi wote ninaotaka kuuchambua: hadithi iliyozaliwa na mmoja, ikatelekezwa, ikalelewa na wengine, siku inapofufuliwa kwa fedha nyingi ni ya nani? Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Lakini wahenga hawakuulizwa habari za hatimiliki.

Jina la Uhura nalo lina kisa chake, nami naomba radhi kupotoka njiani kidogo. Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyemwigiza, alieleza mara nyingi kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark ya 1962 iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya ya kungojea kujitawala. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia, akalipenda neno. Ila lilionekana kali, likalainishwa kwa kugeuzwa mwisho wake, u ikawa a, lipate kusikika kama jina la mwanamke. Mswahili hapa hana budi kutabasamu, kwani lugha yetu haiwatengi wanaume na wanawake kwa viishio vya maneno, na ile u ya uhuru haikupata kuwa ya kiume hata siku moja. Lakini kosa hilo limezaa jina lisilokuwamo katika kamusi, nalo limekwenda mbali duniani kuliko maneno yetu mengi yaliyomo. Na Kiswahili chenyewe kilisikika tangu kipindi cha kwanza kilichorushwa, tarehe 8 Septemba 1966, ambamo kiumbe mwenye kugeuza sura anamjia Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa lugha hii.

Sasa tuirudie habari ya ulezi, maana mashabiki wanapodai kwamba wao ndio waliolea, wengi huwacheka na kudhani ni majivuno ya watu wasio na kazi. Ilhali dai lao lina hesabu nyuma yake. Roddenberry, aliyekuwa rubani kisha polisi wa Los Angeles kabla ya kushika kalamu, aliipelekea NBC kipindi cha majaribio, kikakataliwa kwa kuwa kilihesabiwa kuwa na fikra nyingi mno. Akapewa fursa adimu ya kutengeneza cha pili, hicho kikapita. Watazamaji hawakuwa wengi kwa kadiri ya matarajio ya wenye matangazo. Mwishoni mwa 1967 uvumi ulienea kwamba tamthilia itafutwa, ndipo mume na mke, John na Bjo Trimble, walipoongoza kampeni ya barua, wakiwafundisha watu namna ya kuziandika kwa adabu na kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe, zisionekane kuwa ni nakala za mtu mmoja. Barua zilikuja kwa maelfu. Wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku hadi ofisi za NBC huko Burbank. Mnamo tarehe 1 Machi 1968, baada ya kipindi kwisha, sauti ilitangaza hewani kwamba Star Trek itaendelea, na nadhani haikuwa mara nyingi kabla ya siku ile kwa shirika kubwa kuwajibu raia wake kwa namna hiyo.

Msimu huo wa tatu uliopatikana kwa barua ulikuwa dhaifu. Ulipunguziwa fedha, ukatupwa saa nne usiku wa Ijumaa, saa ambayo vijana, waliokuwa ndio watazamaji wake, hawamo majumbani. Na vipindi vyake vingi hata wapenzi wakubwa hawavitetei. Lakini idadi ilikuwa na maana kuliko ubora. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 29, wa pili 26, jumla 55. Wa tatu ukaongeza 24, zikatimia 79. Vituo vidogo vya televisheni vya Marekani, vilivyonunua tamthilia za zamani ili kuzirusha kila siku ya kazi, vilitaka mali inayodumu: vipindi 55 huisha kwa wiki 11, na 79 hukaribia wiki 16 kabla ya kuanza upya. Ni katika marudio hayo ya jioni, watoto wakitoka shuleni, ndimo Star Trek ilimopata umma ambao haikuupata ilipokuwa mpya. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba lau si barua zile kusingekuwa na marudio ya maana, na lau si marudio kusingekuwa na sinema, hasemi kwa majivuno. Anasoma hesabu ya duka.

Yakafuata miaka kumi ambayo wenye mali hawakuzaa kitu ila katuni ya 1973 na 1974. Katika miaka hiyo mashabiki ndio walioandika. Kijarida cha Spockanalia kilikuwa kimeanza 1967, tamthilia ikiwa ingali hai, na baada yake vikachipuka vingine vingi vilivyopigwa chapa kwa mashine za mkono na kutumwa kwa posta, vikiendeshwa zaidi na wanawake, walimu, wakutubi na mama wa nyumbani, waliotunga hadithi za Kirk na Spock ambazo hakuna aliyewalipa. Mkutano wao wa New York wa Januari 1972 ulitazamiwa kuwa na mamia machache ya watu. Walikuja zaidi ya 3,000. Mwaka 1976 barua zao kwa Rais Gerald Ford zilifanya chombo cha kwanza cha anga cha aina ya shuttle, kilichokusudiwa kuitwa Constitution, kiitwe Enterprise. Watu walioweza kubadili jina la chombo cha serikali yao hawawezi kuambiwa kwamba ni watazamaji tu.

Ufufuo wa kwanza ulikuja 1979, na wengi wanaobishana juu ya 2009 husahau kwamba ubishi huu ulikuwa na umri wa miaka 30. Paramount, studio yenye hatimiliki, ilikuwa ikiandaa tamthilia mpya ya televisheni. Star Wars ilipotoka Mei 1977 na watu kupanga mistari barabarani, mpango ukageuzwa kuwa sinema, akapewa Robert Wise kuiongoza, na gharama ikafika kiasi cha dola milioni 44, fedha kubwa mno kwa wakati ule. Mtayarishaji alikuwa Roddenberry mwenyewe. Mzazi alikuwa nyumbani, waigizaji walikuwa wale wale, chombo kilikuwa kile kile kilichosuguliwa kikang'aa; na sinema ikatoka nzito, yenye kuzunguka chombo hicho kwa dakika nyingi kama bwana harusi anayezunguka nyumba mpya bila ya kuingia. Mashabiki walijaza majumba, wakaipatia mapato mazuri, kisha wakanong'onezana kwamba kisa chake, cha chombo cha wanadamu kilichopotea angani kikarudi na akili na ukatili kikimtafuta aliyekiumba, wamekwisha kukiona: kilikuwa katika kipindi cha Septemba 1967 kiitwacho The Changeling. Kwa msomaji wa Kiswahili kipindi hicho kina jambo lake lingine, maana ndicho ambamo Uhura anafutwa akili yote, na katika kufundishwa upya kusoma Kiingereza anatatizwa na neno, anarudi kusema Kiswahili, kama mtu aliyebomolewa nyumba hadi msingi na msingi ukaonekana ni wa mawe mengine. Sinema ya 1979 ilichukua chombo kile na kukiacha Kiswahili. Naona ilichukua kisichokuwa na roho.

Paramount ikamwondoa Roddenberry katika usukani, ikambakisha kuwa mshauri, na kuwapa kazi watu wawili wageni: Harve Bennett, mtayarishaji wa televisheni, na Nicholas Meyer, mwandishi na mwongozaji, ambao hakuna kati yao aliyekuwa mfuasi wa Star Trek. Bennett alifanya jambo moja ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko nasaba na vyeo: aliketi akatazama vipindi vyote 79, na katika kutazama akamwona Khan, adui wa kipindi cha 1967 aliyeigizwa na Ricardo Montalbán, aliyeachwa katika sayari moja na kusahauliwa. Hii ndiyo maana ya kupiga hodi. Mgeni hahitaji kuzaliwa katika nyumba ili aheshimiwe ndani yake. Anahitaji kubisha, kungoja, na kujua mkeka unatandikwa upande gani. Sinema waliyoitoa 1982 kwa kiasi cha dola milioni 12, kasoro ya thuluthi ya ile ya kwanza, hadi leo wengi huiweka juu ya zote.

Lakini kabla haijatoka, mashabiki hao hao waliilaani. Habari zilivuja kwamba Spock atakufa. Barua zilizokuwa dua mwaka 1968 zikawa vitisho 1982, na Meyer akalazimika kuweka mwanzoni mwa sinema tukio la mafunzo ambamo Spock anaanguka kama aliyekufa kisha anainuka, ili waliojaa ghaidhi katika viti vyao wacheke na kudhani wamedanganywa, halafu mwishoni afe kweli wasipotazamia. Katika kioo kilichomtenga Spock na rafiki yake Kirk watu wazima walilia. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ni ushahidi dhidi ya upande ambao hadi hapa nimeutetea: mlezi naye hukosea, na kosa lake la kawaida ni kudhani kwamba mapenzi humpa elimu ya ghaibu. Hukumu iliyotolewa kabla ya kuonwa sinema si hukumu, ni hofu iliyovaa joho la kadhi.

Sitawachosha wasomaji na miaka iliyofuata, ya sinema nyingine nane na tamthilia nne mpya, ambazo zilipendwa na kuchokwa kwa zamu. Inatosha kusema kwamba sinema ya Nemesis ya 2002 haikupata cha kujivunia zaidi ya gharama yake, na mwaka 2005 tamthilia ya mwisho ya zama zile ilifutwa bila ya barua za mashabiki kuiokoa. Hapo ndipo ilipodhihirika hesabu ya pili, inayouma kuliko ile ya vipindi 79: mashabiki peke yao waliweza kuihifadhi hadithi isife, lakini hawakutosha kuijazia majumba ya sinema. Paramount ilipomkabidhi mwongozaji J. J. Abrams kazi ya kuifufua, kwa gharama ya dola milioni 150, ilikuwa imekwisha kukata shauri kwamba mlango ufunguliwe kwa wapita njia. Naye Abrams hakuficha kwamba utotoni alikuwa mtu wa Star Wars.

Watu walisema nini? Anayesikiliza kwa insafu atasikia makelele mawili yanayofanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Wa kwanza walikuwa walinzi wa mapokeo, ambao elimu yao inakumbusha ilivyo kwa wanazuoni wanaopambanua riwaya sahihi na dhaifu: ni mwaka gani chombo kilijengwa, ni wapi kilijengwa (angani, walisisitiza, si katika mashamba ya Iowa), ni umri gani baharia Chekov alikuwa nao, ni rangi gani ya shati ilivaliwa na nani. Hawa ni rahisi kuwadhihaki, na magazeti yaliwadhihaki sana. Lakini mtu anayejua kwamba shati jekundu lilikuwa la mafundi na walinzi anajua pia nani alikuwa akifa katika kila kipindi, na kwa hiyo anajua kitu juu ya namna hadithi ilivyothamini roho za wadogo. Udogo wa jambo lake si dalili ya udogo wa akili yake.

Kwa hawa Abrams na waandishi wake walikuwa na jibu lililo tayari, la werevu mkubwa. Hawakusema kwamba historia ya zamani ilikosewa. Walimleta mtu aitwaye Nero kutoka zama zijazo, akaharibu chombo kimoja mwaka 2233, siku ya kuzaliwa Kirk, na tangu pigo lile wakati ukagawanyika njia mbili: ile ya kale ikaendelea na mwendo wake kwa amani, na hii mpya ikashika mwendo mwingine. Leonard Nimoy, Spock wa asili, akaja mzee kutoka njia ya kale akaingia katika mpya, ushahidi hai kwamba hakuna kilichofutwa. Katika utungaji wetu wa pwani ipo takhmisi, ambayo mtunzi wa baadaye huchukua mishororo miwili ya mtu wa kale, akaitanguliza mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Na sharti ni kwamba ile miwili isiguswe, ikae mwishoni kama ilivyokuwa, na ile mitatu ijilazimishe kuielekea. Hila ya njia mbili za wakati ilikuwa takhmisi ya kisheria. Mishororo ya kale haikuguswa hata nukta.

Ila wa pili hawakuwa wakiuliza swali hilo. Wao hawakuhofia kwamba vipindi 79 vitateketezwa. Vilikuwa katika rafu zao, salama. Waliuliza habari ya tabia. Katika tamthilia ya kale nahodha anapokutana na kitu kigeni, nguvu yake ya kwanza ni kuzungumza nacho. Watu huketi katika meza ndefu wakahojiana, Spock na daktari McCoy wakavutana kati ya akili na huruma, na risasi, zinaporushwa, huwa ni dalili ya kushindwa kwa mtu fulani. Katika sinema ya 2009 watu hukimbia. Hukimbia vizuri, kwa kasi ya kupendeza, huku mimeto ya taa ikiwachoma watazamaji macho, na chumba cha injini, kilichopigwa picha katika kiwanda cha bia huko Van Nuys, California, kikionekana ni kiwanda cha bia. Kirk anapandishwa kutoka mwanafunzi aliyesimamishwa masomo hadi nahodha wa chombo kikubwa ndani ya siku chache, na hakuna baraza linaloona ajabu. Shabiki aliyelia kwamba hii si Star Trek hakuwa akilia kwa sababu ya mwaka uliokosewa. Alikuwa amepewa mtoto mwenye sura ile ile ya mtoto wake na tabia ya mtoto wa jirani. Kwa malalamiko haya njia mbili za wakati hazikuwa jibu, na ninaamini waliozibuni walijua hivyo.

Hata hivyo studio ilijua kwa nani ruhusa inatafutwa. Mapema Aprili 2009, katika jumba la sinema la Alamo Drafthouse mjini Austin, Texas, mashabiki waliitwa kuitazama ile sinema ya Khan ya 1982. Baada ya dakika chache picha ikaharibika kama filamu iliyoungua katika mashine, watu wakaguna, na katika guno lile akatoka Leonard Nimoy mkononi ana kopo la filamu, akawauliza kama wangependa badala yake kuona mpya. Waliinuka wote. Naipenda hila hii kuliko yote yaliyomo katika sinema yenyewe, kwa sababu ni hodi iliyopigwa kwa mkono wa mwenyeji: mzee wa nyumba ndiye aliyemwingiza mgeni, na wenyeji hawakuweza kumkataa mgeni bila ya kumkataa mzee. Sinema ilipata kiasi cha dola milioni 385 duniani, na mwaka uliofuata ikapewa Oscar ya upambaji wa nyuso, ya kwanza ambayo Star Trek ilipata kuishika.

Kwa kuwa Nyota ndiye aliyenifungulia mlango, yanipasa niseme pia alitendewaje. Nichols katika miaka ya sitini alipewa kiti cha heshima na maneno machache, mpaka akataka kuacha. Na kwa simulizi lake mwenyewe Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa kukaa kwake pale, mwanamke mweusi katika daraja la chombo, afisa wala si mtumishi, kulikuwa na kazi kubwa kuliko maneno aliyoandikiwa. Tangu 1977 alisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kwenda angani. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika huko mnamo 1992, alisema wazi kwamba alivutwa na Uhura. Zoe Saldana, Uhura wa 2009, alipewa maneno zaidi na ujuzi wenye maana: anajua lugha, anafasiri alichokinasa kabla ya wanaume kuelewa hatari. Pia alipewa mapenzi na Spock. Wako waliofurahi kwamba hatimaye mwanamke mweusi anapendwa mbele ya watu wote bila ya kuwa mcheshi wala mlezi wa wengine. Wako waliosema kwamba afisa amegeuzwa mchumba. Mimi naona pande zote mbili zina haki, na kwamba sinema ilimpa kwa mkono wa kulia ikachukua kidogo kwa wa kushoto. Ila jina, angalau, lilibaki lake, na tamthilia iliyoanza 2022 imemwongezea Kenya kuwa ndiko alikokulia, jambo ambalo masikio ya Kiswahili yalikuwa yamelishuku kwa miaka 56.

Kisha likaja kosa la 2013. Abrams na wenzake walitengeneza sinema ya pili, wakamleta Khan, wakakana hadharani kwa miezi kwamba ni Khan, wakamchagua Mwingereza Benedict Cumberbatch kuwa mtu ambaye kwa jina lake kamili ni Khan Noonien Singh, na mwishoni wakalichukua tukio la kioo la 1982 wakaligeuza: sasa Kirk ndiye anayekufa ndani, Spock ndiye aliye nje, naye ndiye anayepiga ukelele wa jina la adui ambao zamani aliupiga Kirk. Katika Agosti ya mwaka ule, mashabiki waliokutana Las Vegas walizipanga sinema zote kwa daraja wakaiweka hii mwisho kabisa, chini ya zile ambazo hata wapenzi huzionea haya. Magazeti yakasema ni chuki. Sidhani. Takhmisi ilikuwa imevunjwa sharti lake: mwandishi hakuongeza mishororo mitatu, aliichukua ile miwili ya marehemu akaipindua kichwa chini na kutia saini yake. Zaidi ya hayo, kifo cha Spock mwaka 1982 kililiza kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na urafiki wa miaka 16, na barua, na marudio ya jioni, na wanawake waliopiga chapa usiku. Vijana wa 2013 walikuwa wamejuana kwa sinema moja. Machozi yale yalikuwa mali ya walezi, na mtu alikuja kuyachukua bila ya kubisha hodi.

Ya tatu, ya 2016, iliyoongozwa na Justin Lin, ilikuwa na adabu zaidi na mapato pungufu. Humo Sulu, mmoja wa mabaharia wa Enterprise, alionyeshwa kuwa na mume, kwa heshima ya George Takei aliyemwigiza zamani. Na Takei, kinyume cha matumaini, akasema hakupendezwa, kwa kuwa Sulu wa Roddenberry hakuwa hivyo. Kwa hiyo hata mzee wa nyumba anaweza kuzikataa zawadi anazoletewa, na anaweza kuwa mhafidhina kuliko mashabiki. Nimoy alikuwa amefariki Februari 2015. Anton Yelchin, Chekov kijana, alifariki kwa ajali Juni 2016, wiki chache kabla ya sinema kuonyeshwa.

Sinema ya nne imeahidiwa mara kadhaa. Mnamo Februari 2022 Paramount iliitangaza, ikaitia katika kalenda ya Desemba 2023, mwongozaji akaondoka kwenda kazi nyingine, na tarehe ikafutwa. Na jambo ambalo hakuna mtu aliyelitabiri mwaka 2009 limetokea: wapo miongoni mwa mashabiki wanaodai sinema hiyo, wakitaka Chris Pine (Kirk), Zachary Quinto (Spock) na Zoe Saldana warudishwe wao wenyewe na si wengine, nao ni wale wale ambao mwaka ule waliwaita waigizaji hao wazushi waliovaa nguo za watu. Wanahesabu miaka ya waigizaji, wanasema wanazeeka, wanaandika hadithi za mabaharia wa njia ya pili ya wakati, na wanaionya studio isithubutu kuianza hadithi upya na nyuso ngeni.